Jamaa Simuuzii

Jumapili, 5 Januari 2025

Daftari jipya. Naandika Kiswahili kwa makusudi — pale maahad, chuo ninachosomesha, hakuna wa kukisoma, na wapwa zangu wanakisema nusu, kukisoma hawawezi kabisa. Nina siri yangu mezani na haina kufuli.

Darasa za likizo zimeanza leo. Wasichana wa darasa la kumi na moja, wa hapa Ibra, Omani, na vijiji vya karibu. Kompyuta nasomesha mie, abla wao. Biashara anasomesha Ustadh Suud, mtu wa Al Kamil, mgeni kwetu, anakaa kwa dada yake hapa mjini. Masomo mawili, kazi moja: kila kikundi kitafute biashara ya mtu wa kweli, kisha kiitengenezee programu ya kuagizia kwa simu. Wazo lake. Ni zuri, lakini sikumwambia.

Sikumwambia kwa sababu alinikera! Mbele ya watoto kasema kompyuta ni mtumishi tu, bwana ni biashara. Nikamwambia mtumishi akigoma, bwana atalala na njaa. Watoto wakacheka. Na yeye akacheka! Sasa mtu ukimkasirikia akacheka, hasira zako unazipeleka wapi? Nimerudi nazo nyumbani, nikamfokea paka.

Mama kaniuliza kama nimekula. Kila siku swali hilo hilo. Nina miaka arobaini na moja!

Chai ya maahad safari hii ya maana. Tangawizi imekolea. Muhula uliopita tulikuwa tukinywa maji ya moto yenye rangi.

Jumatatu, 6 Januari

Kikundi cha Israa kimechagua biashara ya udi wa Mama. Israa ni mrefu, ana miwani, ulimi haulali. Ni mtoto wa dada yake Ustadh Suud, na kwa hivyo "khali, khali" darasani kutwa, kama yuko kwao na mjomba wake. Nikasema hapana, mambo ya nyumbani kwangu hayaingii darasani. Ustadh kasema biashara ni biashara. Haya, nikasema, tumuulize mwenyewe — nikijua Mama atakataa.

Mama kaniangusha. "Waje! Ila huyo ustadh wenu abaki nje. Soko letu halina wanaume."

Hilo lilinifurahisha.

Jumatano, 8 Januari

Soko la wanawake. Kila Jumatano nampeleka Mama asubuhi, maana kazi yangu ni ya jioni: makopo ya udi, chetezo, mkeka, kiti chake cha plastiki, na Mama mwenyewe akilalamika kuwa naendesha kama nabeba mayai. Mle ndani ni wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi. Mwanamme akikosea akaingia, anatolewa kwa macho tu. Waume na watoto wao wa kiume hukaa nje magarini, wanasubiri.

Ustadh Suud naye nje, garini, gari jeupe lenye ubavu ulioingia ndani. Anauliza maswali kwa simu, Israa anatufikishia.

Kupika udi Mama alieleza vizuri, kama alivyofunzwa na mama yake kule Malindi, Unguja: vipande vya udi, sukari, marashi ya waridi, zaafarani, miski, na subira. Watoto wakaandika "subira" pamoja na vyengine. Shida ilikuja kwenye bei.

Kopo moja bei gani, Bibi?

"Bei ya nani?" Mama akauliza. "Mgeni ana bei yake. Jirani ana bei yake, chini kidogo. Jamaa simuuzii."

Israa kashangaa. Jamaa hawapati udi?

"Wanapata, kwa nini wasipate! Jamaa nampa. Nimesema simuuzii. Kumuuzia jamaa yako ni kumwambia wewe si wangu."

Israa akayafikisha maneno hayo simuni. Halafu Ustadh akasema aulizwe Bibi, hao jamaa ni wangapi. Mama akacheka mpaka mtandio ukamvuka. "Mwambie nusu ya Ibra!"

Mwisho Ustadh akamtuma Israa amnunulie kopo moja. Mama kamtoza bei ya mgeni, tena mgeni aliyeshuka jana kutoka ndegeni. Kalipa bila ya kuteta. Niliona haya kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 9 Januari

Vita darasani leo. Ustadh kasema biashara inayogawa nusu ya mali yake bure inakufa, na kaonyesha ubaoni namna itakavyokufa. Kasema kweli. Siwezi kukataa — sukari na udi wa harusi za jamaa mwaka jana nilinunua mie kwa mshahara wangu. Lakini kazi ya programu ni kufuata kanuni ya mwenye mali, na kanuni ya Mama ipo, iko wazi kuliko za wizarani. Tukaiandika: mteja ni mgeni, bei hii. Ni jirani, bei ile. Ni jamaa, sifuri.

"Abla Badriya," kasema, "unajua kanuni hii itamfilisi mama yako."

"Mama anafilisika tangu wewe hujazaliwa, Ustadh. Na bado anapika."

Akacheka tena! Ana jino moja la mbele limekaa upande. Sijui kwa nini nimeliandika.

Jumapili, 12 Januari

Wanafunzi walikwisha ondoka, yeye anafuta ubao. Bila ya kugeuka kaniambia mkewe alifariki hospitalini Sur. Aliugua mwaka mzima na yeye akawa njiani tu, Al Kamil na Sur, Sur na Al Kamil. Mtoto hawakujaaliwa. Nikasema Mungu amrehemu. Akaendelea kufuta ubao ulioshakuwa safi.

Nami nikamwambia yangu. Kwa nini, sijui! Kwamba niliolewa Nizwa, nikakaa miaka miwili, nikarudi kwa Mama na mabegi mawili, na tangu hapo hakuna aliyekuja kuuliza. Sijapata kumwambia mtu wa kazini. Hakunionea huruma, alhamdulillahi. Kasema tu: "Nizwa wamepoteza." Kisha akachukua mkoba wake akaenda.

Nizwa wamepoteza. Haya.

Jumanne, 14 Januari

Kazi nyingi, maonyesho keshokutwa mbele ya wazazi. Ukurasa wa udi wa harusi unagoma kuendelea mpaka ujaze jina la bibi harusi na la bwana harusi, maana Mama hufunga utepe wenye majina juu ya kila kopo la harusi. Nimewaambia jazeni majina ya kubuni, msiweke mtu wa kweli. Sikukagua. Nilikuwa nakunywa chai na mtu fulani, tunagombana juu ya matangazo.

Jumatano, 15 Januari

Gari jeupe lipo tena nje ya soko. Maswali yamekwisha wiki iliyopita!

Mama kauliza, huyu ana mke humu ndani? Nikasema hana mke. Mama yake je? Yuko Al Kamil. "Sasa anasubiri nini?" Nikasema labda anampeleka Israa. Mama kanitazama kwa jicho lile analochujia marashi.

Israa kaja kumnunulia khali yake kopo la pili. Mama: "Mfanyie bei ya jirani. Mtu anayekaa mlangoni kwangu wiki ya pili si mgeni tena." Miye nikainama kupanga makopo yaliyokwisha pangwa.

Usiku nilikuwa namsugua magoti kwa mafuta ya karafuu. Kasema polepole, hata hakunitazama: "Siku nikiondoka, Badriya, nani atakuuliza umekula?" Nikamwambia aache maneno hayo. Nikenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi.

Nampenda. Basi, nimeandika. Nampenda kwa umri huu, na jino lake, na ubishi wake. Hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 16 Januari

Ya Rabbi.

Ntaandika kama lilivyokuwa, labda litapungua.

Ukumbi ulijaa. Kina mama kushoto, kina baba kulia, mudiri, mkuu wa maahad, mbele kabisa na suruali... na kanzu yake ya dishdasha iliyopigwa pasi (hata kalamu imepagawa). Mama yangu mstari wa kwanza na mkongojo wake. Israa kasimama, kaeleza mgeni, kaeleza jirani, kaeleza jamaa, watu wanatikisa vichwa, nami nimejaa fahari kifuani. Kisha akafungua ukurasa wa udi wa harusi. Agizo la majaribio likatokea ukutani kwa herufi kubwa kuliko mlango:

Bibi harusi: Badriya. Bwana harusi: Suud. Mteja: jamaa. Bei: sifuri.

Watu wakasoma. Kisha kicheko upande wa kina baba. Kisha mwanamke mmoja — sijamjua, nikimjua atanitambua — akapiga kigelegele! Wenziwe wakampokea! Walidhani ndiyo tunatangaza. Mmoja akanishika mkono, mabruk, mabruk, lini, na mbona mmetuficha.

Nikachomoa waya wa projekta. Nilivuta kwa hasira, na meza ikaja nayo.

Ustadh Suud alikuja kunitafuta chumba cha walimu. Uso umempauka. Kasema, "Abla Badriya, miye neno sitosema hapa. Hapa si pake."

Nikamwambia, "Basi kaa nalo!" Nikachukua mkoba wangu.

Nikamrudisha Mama nyumbani. Tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza. Umekula?

Ijumaa, 17 Januari

Sikutoka. Simu nimeizima.

Mji huu naujua. Majina mawili yakitajwa pamoja mbele za watu, njia ni mbili. Ama watu wake waje kwetu, ama aseme mwenyewe kuwa si kweli. Akisema si kweli, nitachekwa mpaka Ramadhani kisha watasahau. Akinyamaza, nitabaki yule mwalimu aliyejiandikia posa ukutani. Na ananyamaza.

Jumapili, 19 Januari

Mudiri kaniita. Mzazi mmoja kalalamika: darasani wanasomeshwa nini, kompyuta au mapenzi? Mudiri mtu mwema, lakini muoga wa maneno. Kasema muhula mpya wa maahad unafunguliwa tarehe mbili Februari, na hadi hapo jambo hili liwe limekwisha, la sivyo mmoja wetu hatoendelea. Kasema pia kuwa Ustadh Suud alinitangulia kuja kwake, mapema kabla ya wote. Kaomba ruhusa kwenda Al Kamil. Na kasema kama kuna wa kuondoka, aondoke yeye — kina binti wasikoseshwe kompyuta.

Basi amejitoa. Kwa adabu, lakini amejitoa. Mtu anayekutaka hakimbii kwao.

Saa ya mapumziko nikaenda kunywa chai. Chupa ya chai haipo. Nikamuuliza mama anayefagia, mbona leo maahad haijaleta chai? Kanishangaa. Kasema maahad haijapata kuleta chai ya tangawizi hata siku moja, ile chupa ni ya Ustadh Suud, huja nayo kutoka kwa dada yake, na siku niliyochelewa alimkataza asiimalize mpaka mie nifike.

Nimekaa pale na kikombe kitupu kama mjinga.

Jumatatu, 20 Januari

Israa kaja kabla ya darasa, macho mekundu, na leo kaniletea Kiswahili chake cha nusu nusu. Nilikuwa nimejitayarisha kumchuna ngozi, nimepanga na maneno.

"Abla, samahani. Mimi nimeweka jina ya kweli kwa sababu jina ya uongo haikunijia."

Muongo mkubwa. Nikamwacha aive.

"Sawa, abla. Khali kila siku nikirudi nyumbani anauliza mimi: abla wako kala leo? Kila siku! Haulizi mimi nimekula. Haulizi mtihani. Abla wako kala. Mimi nikachoka. Nikasema hawa wawili watazeeka hapa maahad, wanagombana."

Nilitaka kumkemea. Wallahi nilitaka. Ndiyo maneno yale yale ya Mama! Nikalia mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita, akanipa karatasi za kufutia pua kutoka mkobani kwake, akanipiga mgongoni kama mie ndiye mwanafunzi.

Sasa kama ananiulizia hivyo kila siku, yuko wapi?

Jumatano, 22 Januari

Sokoni kila anayekuja kunusa udi ananusa na habari. Eti Bi Khamisa, tumesikia binti yako? Mama haumi maneno, hapepesi macho: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Makopo mangapi?" Udi umekwisha kabla ya saa nne! Nimemwambia anauza udi kwa jina langu. Kasema, afadhali jina lako limefanya kazi.

Gari jeupe halipo. Nilitazama. Nilitazama tena wakati wa kufunga mkeka.

Alhamisi, 23 Januari

Darasa za likizo zimekwisha. Kikundi cha Israa kimepata tuzo ya kwanza, na nani wa kukinyima.

Israa kanibana pembeni baada ya vyeti. Kasema mama yake na bibi yake wamezungumza kwa simu, na yeye alikuwa nyuma ya mlango (hana haya!). Khali kamwambia bibi. Bibi hataki. Kasema mwanamke wa miaka arobaini na moja, aliyekwisha achwa, atamzalia nini mwanangu? Anamtakia msichana. Khali kamjibu hatooa msichana, na hatooa kinyume cha radhi yake; basi aende kwanza akamtazame kwa macho yake, ndipo aseme hapana.

Kumbe hakukimbia! Alikwenda kusema pale pake. Na miye nilimwambia kaa nalo. Ulimi wangu huu!

Furaha na hofu vimenijia pamoja. Maana sasa liko mikononi mwa mwanamke asiyenitaka, na nikimwangalia kwenye kioo huyo anayekwenda kutazamwa, simlaumu sana. Nataka. Nataka mno. Naogopa hata kuliandika neno hilo mara mbili, nami nimekwisha liandika.

Jumapili, 26 Januari

Hakuna kitu. Skuli zimefunguliwa, Israa hayupo wa kuniletea maneno. Nimepaka nywele hina. Mama kaziona, akaniletea zaafarani ya uso.

Jumatano, 29 Januari

Naandika jikoni, nimesimama, kahawa iko motoni. Niandike upesi.

Asubuhi tulipofika sokoni, gari jeupe lipo. Moyo! Nilishusha kiti cha Mama miguu juu.

Hatujakaa vizuri, kaja mama mmoja mrefu, kanyooka, buibui la heshima. Kamwamkia Mama, shikamoo dada, Mama akaitikia marahaba. Kasema katokea Al Kamil, kwao hasa Wete, Pemba. Mama akasema yeye Malindi, Unguja. Wakatupiana maneno ya Waunguja na Wapemba, nani anatia sukari nyingi na nani anapenda mno karafuu, wakacheka — na alipocheka nikaliona lile jino. Limekaa upande ule ule.

Sikuhitaji kuambiwa jina. Bi Asya, mama yake Suud.

Alinusa udi, lakini macho hayakuwa kwenye udi. Kanitazama mikono, miguu, meno, kama anachagua mbuzi wa Idi. Nilikuwa natia makaa chetezoni, nikaungua kidole. Sikutoa sauti. Nadhani aliona, maana alinitazama usoni mara moja, na hapo uso wake ulilegea kidogo. Kaniuliza, "Umeungua, mwanangu?" Nikasema hapana, Mama, kidogo tu.

Kisha akamgeukia Mama. "Nataka makopo mawili ya udi wa harusi. Bei gani?"

Mama akaweka kopo chini. Akamtazama. Akanitazama mie na kidole changu. Halafu akasema:

"Wewe sikuuzii."

Mwili wangu mzima ulifahamu. Lakini Bi Asya hakufahamu! Atajuaje, yeye hakukaa darasani! Akauliza, "Huniuzii? Fedha yangu ina nini?"

"Fedha yako nzuri. Ila sikuuzii."

Na Mama, kichwa cha jiwe, hakuongeza hata neno! Na mie nina mdomo gani? Mwanamke atasemaje mwenyewe kuwa kutouziwa ndiko kupokewa kuwa jamaa? Bi Asya akafunga mkoba wake, paa. Kasema alidhani watu wa mjini wana adabu. Akaondoka kati ya makapu, kanyooka vile vile, mpaka nje.

Nikasikia gari likiwashwa.

Nimegombana na Mama pale pale mbele ya majirani. Mama, umefanya nini! Mama, ungemweleza! Kasema si kazi yake. "Mwanawe alikaa nje ya soko hili anasikiliza. Kama hakuweza kumwambia mama yake maneno yangu yana maana gani, basi hakutufaa tangu mwanzo."

"Mama, yule anaichukia hiyo kanuni! Aliipiga vita ubaoni!"

"Basi anaijua," kasema Mama.

Tukarudi nyumbani. Adhuhuri akaniuliza umekula, nikamjibu sili! Kwa sauti kubwa. Nikajifungia chumbani. Nilikuwa nimekwisha jiona na miaka yangu yote iliyobaki, na jokofu, na paka.

Alasiri, kengele ya mlango wa nje.

Nilichungulia dirishani. Bi Asya, na Israa nyuma yake na nguo za skuli, kinywa kimepasuka kwa kicheko. Gari jeupe limesimama kando ya ukuta, injini imezimwa. Yeye yumo ndani, hashuki. Leo ni siku ya wanawake. Mikono yake iko juu ya usukani. Sikuweza kuona zaidi.

Bi Asya hakungojea hata kukaribishwa. Kasimama katikati ya ua, akapaza sauti:

"Bi Khamisa! Mwanangu kanisomesha garini kama mwanafunzi wake! Mgeni, jirani, jamaa. Kanirudia mpaka nikajua. Nimekuja kuchukua udi wangu." Kisha akageuza mikono yake miwili, viganja juu, vitupu. "Na mkoba nimeuacha kwa binti yangu. Sina hata baisa!"

Mama alitoka na mkongojo wake. Nilidhani atajibu kwa maneno yake makali, amezoea. Wapi! Alimshika Bi Asya mikono ile mitupu, na mama yangu, ambaye hata siku ya kumzika Baba hakulia mbele za watu, alilia pale uani kwa kwikwi. Bi Asya naye akaanza. Israa kawasimamia katikati hajui amshike nani.

Sasa wako sebuleni. Nawasikia wanabishana juu ya sukari kwenye udi. Jina langu limetajwa, kisha sauti zikashuka. Sijui wanasema nini. Mudiri sijui atasema nini, tarehe mbili hiyo. Sijui kama nitavaa kanga hii au nibadilishe, na mikono inanuka kahawa na mafuta ya kuungua.

Mama ananiita. "Badriya! Lete kahawa, mwanangu." Sauti yake nyengine kabisa.

Israa kaingia jikoni mbio, anahema, ametoka nje garini. Kasema, abla, khali anauliza.

Anauliza nini?

"Anauliza, abla kala?"

Nimeshika sinia. Nikamwambia, mwambie bado.